Mia Moja Arobaini na Saba

Saa mbili asubuhi ya Alhamisi, mpelelezi Seifu Ramazani alikuwa amebakiwa na saa saba. Saa tisa alasiri gari la mahabusu lingempeleka Karimu, fundi simu wa mtaa wa Kamenge, kwenye gereza kuu kwa tuhuma za kumuua msichana aitwaye Orlane. Maiti haikuwa imeonekana. Seifu alikuwa na miaka thelathini na mmoja kazini, na alijua kwamba kumzuia mtu asivuke lile lango ni kazi ya siku moja, ila kumtoa akishavuka ni kazi ya miaka.

Dosie ya kesi yenyewe ilikuwa fupi. Orlane, miaka ishirini na minne, alikuwa mpimaji wa mradi mmoja wa lishe. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba baada ya nyumba na kuzungusha utepe kwenye mkono wa mtoto wa chini ya miaka mitano, juu ya kiwiko, ili ijulikane kama watoto wa mtaa wanakula au wanadanganya njaa tu. Wiki iliyopita alipewa mtaa wa Mutakura, viwanja arobaini, Jumatatu hadi Ijumaa. Karatasi zote arobaini zilifika ofisini, za mwisho zikiwa na tarehe ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi mama mmoja aliokota jile yake, ile fulana ya kazi isiyo na mikono, kwenye mtaro wa Kamenge. Ilikuwa na damu kifuani na kitambulisho mfukoni. Mtaro huo unapita nyuma ya kibanda cha Karimu, na ndani ya droo ya Karimu polisi walikuta simu ya Orlane.

Karimu hakukana simu. Alisema msichana aliileta Jumamosi ya wiki moja kabla, kioo kimepasuka, naye Jumapili akapanda boti kwenda Kigoma kununua vioo, akarudi Alhamisi jioni. Seifu mwenyewe alikwenda bandarini akaiona mihuri ya kutoka na ya kuingia. Lakini mihuri hiyo haikumsaidia fundi hata kidogo. Kama Orlane alifanya kazi mpaka Ijumaa, Karimu alikuwa amesharudi mjini, na mwendesha mashtaka Astère alikuwa na hadithi yake tayari: Ijumaa jioni binti alifuata simu yake, basi.

Kilichomsumbua Seifu kuliko damu ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia siku. Orlane hakuwa na wazazi. Mwenye nyumba wake alisema, "Huyu mutoto alikuwa anatoka mapema, anarudi kimya. Mi sijui ni siku gani sikumuona." Jirani wa chumba cha pili hakulijua hata jina lake. Wiki nzima karatasi zilikuwa zinafika ofisini, na kwa sababu zilikuwa zinafika, kila mtu aliridhika kwamba msichana yupo. Seifu, ambaye tangu mkewe Assia afariki aliishi peke yake mtaani Buyenzi, alijaribu kuhesabu nani angegundua upesi kama yeye asingerudi nyumbani. Alipata jina moja, la muuza mikate, akaacha kuhesabu. Ilimuuma zaidi ya alivyotegemea.

Basi asubuhi hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya mradi, mbele ya Joëlla, mwanamke aliyeingiza karatasi za wapimaji kwenye kompyuta. Joëlla alikuwa na miwani mikubwa na kikombe cha chai kilichopoa, na alionekana mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

"Nani alileta karatasi za Orlane hapa?" Seifu aliuliza.

"Léonce, msimamizi wake. Ndiye anapitaka jioni kuokota za wote."

"Na wewe uliziona sawa?"

"Chef Astère alisema ziko sawa. Alinipigia simu Jumanne. Aliomba moyenne tu, nikamupa."

Seifu aliujua huo wastani. Ulikuwa ndani ya dosie, umepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Astère alijivunia sana hoja hiyo: wastani wa mikono iliyopimwa Jumatatu na Jumanne ni milimita mia moja arobaini na saba, na wa Jumatano hadi Ijumaa ni mia moja arobaini na saba vilevile. Kwa hiyo ni mpimaji yuleyule, utepe uleule, wiki nzima.

"Papa Seifu," Joëlla alisema, "moyenne haisemi nani alipima. Shika kalamu, uandike. Hizi kumi ni za Jumatatu na Jumanne."

Alisoma polepole, na Seifu akaandika: 131, 158, 146, 119, 163, 152, 142, 167, 138, 154. Alizijumlisha kwa mkono kama alivyofundishwa shule ya msingi. Elfu moja mia nne na sabini. Akagawa kwa kumi, akapata mia moja arobaini na saba.

"Sasa kumi za mwanzo za Jumatano."

147, 145, 149, 148, 146, 147, 150, 144, 147, 147. Seifu alijumlisha tena. Elfu moja mia nne na sabini.

"Sawasawa," alisema, akaiweka kalamu. Astère alikuwa sahihi.

"Jumla iko sawa. Angalia watoto." Joëlla alivua miwani. "Mu nyumba moja unakuta wa miezi saba, mu nyingine unakuta wa miaka minne na nusu anayebeba maji. Huyu wa 119 ni mugonjwa, Orlane aliandika pembeni apelekwe kituo cha afya. Huyu wa 167 ni kibonge. Hao ndio watoto wa Mutakura. Hawa wengine wote wamezaliwa siku moja na mama mumoja?"

Seifu aliirudia safu ya kwanza, na mbele ya kila mtoto akaandika yuko mbali kiasi gani na mia moja arobaini na saba, juu au chini. Kumi na sita, kumi na moja, moja, ishirini na nane. Alipozijumlisha na kugawa, aliona kwamba kila mtoto wa Orlane alikuwa mbali na wastani kwa karibu milimita kumi na mbili. Akafanya vivyo hivyo kwa safu ya Jumatano. Sufuri, mbili, mbili, moja. Jibu lilikuwa milimita moja na kidogo.

"Mtu aliyekaa chini akabuni," Seifu alisema taratibu, "angejuaje kwamba wastani ni mia moja arobaini na saba?"

"Ni ripoti ya mwaka jana. Wasimamizi wote wanayo. Anayebuni anaogopa kuachana na hiyo namba, papa. Anaona akiandika 119 watamuuliza. Na kuna kingine." Alifungua karatasi mbili, akaziweka bega kwa bega. "Katika nyumba kumi na nne za mwanzo, nne zilikuwa zimefungwa. Orlane aliandika: hakuna mutu, nitarudi. Kuanzia namba kumi na tano mpaka arobaini, hakuna mulango hata moja umefungwa. Mutakura yote imekaa nyumbani inamungojea."

"Kwa nini hukusema?"

Joëlla alivaa tena miwani yake, akatazama kibodi. "Nilimuambia Léonce. Akasema nifanye kazi yangu ya kuandika. Na hapa hakuna mutu aliniuliza, mpaka leo."

Seifu alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo. Namba peke yake Astère angezipuuza, angesema watoto wanafanana. Ilibidi mtu aende Mutakura akaone kama mlango ulibishwa au haukubishwa, na nyumba zenye mashaka zilikuwa ishirini na sita.

"Nitapita hizi tano za kando ya lami," alisema.

"Apana!" Joëlla alishtuka kweli kweli. "Ukichagua wewe, utachagua zilizo rahisi. Kesho watakuambia za lami ndizo aliruka kwa sababu ya magari. Acha bahati ichague."

Alikata vikaratasi ishirini na sita, akaandika namba kumi na tano hadi arobaini, akamwaga chai yake dirishani na kuvitia kwenye kikombe. Seifu, mzee wa miaka hamsini na sita mwenye bastola kiunoni, alifumba macho na kutoa kikaratasi kimoja kimoja kama anayecheza bahati nasibu sokoni. Alipata kumi na saba, ishirini na mbili, ishirini na tano, thelathini na moja na thelathini na nane.

Wapimaji wa mradi huo wana desturi yao. Wakianza mtaa, huchukua nyumba moja, kisha huhesabu, na kila kiwanja cha tano ndicho kinachoingia, kiwe cha tajiri au cha maskini. Wakimaliza kupima huandika namba kwa chaki kwenye mwimo wa mlango, ndani ya duara. Wakikuta pamefungwa huweka msalaba. Seifu alizifuata chaki za Orlane katika vichochoro vya Mutakura tangu namba moja, na aliona haya kidogo, maana tangu Jumamosi hakuna polisi aliyefikiria kuzifuata. Mwandiko ulikuwa mdogo na nadhifu. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu ilikuwa na msalaba. Kumi na nne ilikuwa kwenye mlango wa mwanamke aliyekuwa akikaanga maandazi uani, jina lake Khadidja.

"Salam alekum, mama. Huyu aliyeandika hapa unamukumbuka?"

"Alekum salam. Yule binti mupole? Namukumbuka sana. Alipima mutoto wangu, akamupa jina ya tajiri juu ya unene." Khadidja aliepua andazi. "Lakini alituangusha. Alisema kesho yake atarudi kwa mama Eddy, pale kulikofungwa. Mama Eddy alishinda anamungojea, hata sokoni hakuenda. Binti hakurudi."

"Kesho yake siku gani?"

"Jumatano. Alikuja hapa Jumanne, siku ya kikao chetu cha likilimba, wanawake wote walikuwa hapa uani." Aliutaja mchezo wao wa kuchangishana kana kwamba kila mtu anajua siku yake. "Saa kumi mwanaume alimufuata na pikipiki nyeupe ya mradi. Binti alitaka kumaliza upande huu. Yule akamuambia panda, tunachelewa. Alikuwa na haraka kama mutu anayefukuzwa."

"Alikuwaje?"

"Murefu. Jino ya mbele imevunjika kidogo."

Seifu alimfahamu mtu mwenye jino hilo. Alishukuru, akalipia maandazi mawili, na kuanza kuhesabu kiwanja cha tano baada ya cha tano. Namba kumi na saba ilikuwa ya mzee na mkewe ambao mtoto wao wa mwisho ni askari. Ishirini na mbili haikuwa nyumba, ilikuwa karakana ya kuchomelea mageti. Ishirini na tano palikuwa na mtoto, ila mama yake hajawahi kuona utepe. Thelathini na moja ilikuwa na kufuli lililoshika kutu, majirani wakasema wenyewe walihama mwaka jana. Thelathini na nane palikuwa na mapacha, na kwenye karatasi aliandikwa mtoto mmoja. Hapakuwa na chaki popote.

Alimpigia Astère saa sita na nusu, akiwa amesimama juani kando ya karakana.

"Nyumba tano tu?" Astère alisema. "Kati ya ishirini na sita? Seifu, hizo nyingine ishirini na moja huenda alizifika."

"Nilizitoa kwa kura, mkuu. Kama hata nusu yake angezifika kweli, kuzikosa zote tano kwa kura ni jambo ambalo ukijaribu mara thelathini huenda lisitokee hata mara moja."

"Chaki hufutika. Mvua ilinyesha."

"Ya kumi na nne ipo mpaka sasa. Mvua ilinyesha nyumba hii ikaacha ile?"

Astère akakohoa. "Wastani ulikuwa sawa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeona kalamu yake nyekundu ikimgeuka.

"Ulikuwa sawa, mkuu. Watoto ndio hawakuwepo."

"Gari litaondoka saa tisa. Niletee mtu anayesema, nitalizuia. Bila hivyo, Karimu anakwenda."

Léonce alikuwa ofisini kwa mradi Seifu alipofika, saa saba na nusu, akipanga utepe mpya kwenye boksi. Alikuwa mrefu, jino la mbele limevunjika kidogo, mwenye adabu, na alipomwona Seifu alivuta kiti na kukipangusa. Kiwiko chake cha kulia kilikuwa na kidonda kilichoanza kukauka.

"Chef Seifu, karibu. Kuna habari ya Orlane?"

"Ninakuja unisaidie kitu kidogo." Seifu aliweka karatasi mezani. "Namba ishirini na mbili. Mtoto wa kiume, miaka miwili, mkono milimita mia moja arobaini na nane. Alimpimia wapi, juu ya jenereta?"

"Sielewi."

"Pale ni karakana. Wanachomelea mageti. Nimetoka pale sasa hivi, nimeungua kola."

Léonce aliivuta karatasi karibu. "Labda Orlane alikosea kuhesabu. Wapimaji wanachoka."

"Alichoka Jumatano?"

"Ndiyo. Jumatano, Alhamisi, aliniambia amechoka."

"Jumanne saa kumi ulimpakia kwenye pikipiki ya mradi, wanawake wa likilimba wakiangalia, uani kwa Khadidja. Ninao wote kama mashahidi, Léonce. Kuanzia Jumatano hakuna mlango uliomwona. Basi uniambie wewe, aliyechoka Jumatano ni nani?"

Léonce alikaa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kile kidonda.

"Tulianguka," alisema. "Pale chini, kwenye daraja dogo, kabla ya Kamenge. Kulikuwa muchanga. Alipiga kichwa."

"Alikufa?"

"Alikuwa anapumua! Nilimupeleka urgence, pale hospitali, chef, naapa. Nilimubeba mi mwenyewe. Nikasema nimemukuta barabarani, simujui." Maneno yalianza kumtoka haraka. "Pikipiki ya mradi haibebi mutu wa pili. Na mi sina permis ya kuendesha. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, wangenifukuza. Nilimuvua jile juu iko na jina ya mradi. Baadaye nikaitupa mu mutaro. Sikujua kibanda cha nani kiko pale."

"Na kitambulisho kilikuwa ndani ya jile. Jina lake uliwaambia?"

"Apana."

"Ukaja ukajaza karatasi."

"Zingekosekana, wangemutafuta Jumatano." Alilisema kwa unyenyekevu, kama sababu ambayo mtu yeyote mwenye akili ataielewa. Seifu alitamani kumpiga, akaushika ukingo wa meza badala yake.

"Ulirudi kumwona?"

"Siku ya pili nilifika mpaka kwenye geti. Niliogopa kuuliza."

"Na Karimu? Yuko mahabusu siku ya sita."

"Nilifikiri watamuachilia," Léonce alisema, akaanza kulia.

Seifu aliandika maelezo, akamfanya atie sahihi, akampigia Astère dakika ishirini kabla ya saa tisa. Astère alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kisha akasema Karimu atafunguliwa jioni hiyo hiyo. Seifu alipaswa kufurahi. Alifurahi kweli, kwa muda wa kushuka ngazi. Chini ya ngazi alikumbuka kwamba Jumatatu yeye mwenyewe alisimama kwenye dawati la hospitali hiyo, akauliza wanawake walioletwa kuanzia Ijumaa. Karani alifungua daftari kwenye Ijumaa, wakashuka pamoja kwa kidole, wakakosa. Hakuna aliyegeuza kurasa nyuma. Siku tatu nyuma tu, karatasi moja labda, na yeye ndiye aliyetaja siku ya kuanzia. Aliona aibu.

Alikwenda mwenyewe. Safari hii alisema Jumanne ya wiki iliyopita, na karani hakuhitaji hata kushuka kwa kidole.

"Huyu asiye na jina? Wodi ya wanawake, kitanda cha tisa. Ameanza kufungua macho juzi."

Katika wodi hiyo kila mgonjwa alikuwa na murwaza wake, mtu wa nyumbani anayelala chini ya kitanda, anayemlisha, anayemfulia na kumgeuza. Kulikuwa na mabeseni, masufuria, vitenge vimeanikwa kwenye madirisha, dada wanagombana juu ya chumvi. Chini ya kitanda cha tisa sakafu ilikuwa tupu na imefagiliwa. Msichana aliyelala juu yake alikuwa na bandeji kichwani na midomo iliyochanika kwa ukavu. Mama wa kitanda cha nane alieleza kwamba huwa anamwachia vijiko viwili vitatu vya uji, baada ya mgonjwa wake kushiba.

"Orlane," Seifu aliita.

Macho yalifunguka. Yalimtazama muda mrefu, mtu asiyemfahamu, mwenye kofia mkononi. Kisha machozi yakaanza kushuka kando, kuelekea masikioni, kwa sababu tu ameitwa jina lake. Seifu hakujua afanye nini na mikono yake.

Muuguzi alikuja na daftari. "Sasa ana jina, Mungu asifiwe. Na murwaza wake ni nani?"

Seifu alitoa kitambulisho cha polisi.

"Apana, papa, hiyo mi sina pahali pa kuiandika." Muuguzi aligonga mstari mtupu kwa kalamu. "Hapa wanataka jina ya mutu atakayekuja kesho."

Seifu aligeuka kutazama mlangoni, kama kuna mtu mwingine aliyeingia pamoja naye. Hapakuwa na mtu.

"Andika Seifu Ramazani," alisema. "Kesho nije saa ngapi?"